Hersende na Nafasi ya Marehemu

Hapa kwetu Ormeval mtu akianza kuusifu mno mkate wake, au mwanawe, au sauti yake ya kuimbia kanisani, hakosi mwanamke wa kumwambia, "Acha nafasi ya marehemu." Vijana wanalisema tu, hawajui neno hilo lilitoka wapi. Tuliomwona Hersende kwa macho tumebaki wachache, wengine wamelala upande wa kaskazini wa kanisa chini ya majani. Afadhali basi lisemwe kama lilivyokuwa, maana siku hizi nasikia watu wanalipamba.

Hersende alikuwa binti wa fundi mapipa wa ng'ambo ya mto. Baba yake alijaliwa mabinti wengi na mali kidogo, na nyumba ya watawa haikuwa ikipokea msichana mikono mitupu. Akamleta na mkokoteni wa mapipa mapya, yameshikamana vizuri, hayavuji hata tone. Mapipa yakaingia ghalani, mtoto akaingia kwa watawa, lango likafungwa. Tangu siku ile jikoni akaitwa Binti Mapipa. Aliyemwita hivyo kwanza ni Richilde mpishi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake cha vitunguu.

Aliyemlea ni Dada Ameline. Huyu Ameline hakuwa na ukoo. Alikutwa langoni angali mchanga, amefungwa ndani ya gunia la shayiri, na hata jina alipewa na mtawa aliyemwokota. Ukubwani kazi yake ikawa kuuguza wagonjwa na kuosha maiti. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ameline alizijua aibu za nyumba nzima, akafa nazo kifuani bila kutoa hata moja.

Herufi alizijua kwa shida, lakini hizo chache alizokuwa nazo alimgawia mtoto. Walikaa mbele ya meko, Ameline akisawazisha majivu kwa kiganja na kuandika kwa kidole. Mwandiko wake ulikuwa mnene, umejikunja kama shina la mzabibu.

"Hii ni nini?" anauliza.

"A. Lakini dada, A yako ina mimba."

"Basi iache ijifungue, mwanangu, ndiyo upate B."

Mwaka haukuisha, mtoto akampita mwalimu. Wakampeleka chumba cha vitabu, akakimeza Kilatini kama bata amezavyo konokono. Akajua kupima mizani na kupanga vina. Alipokuwa msichana mkubwa alitunga maombolezo ya nguruwe wa Richilde, kwa lugha yetu ya jikoni, mpaka Mama Mkuu Tiphaine akacheka shela ikamwangukia begani. Baadaye akatunga ya kweli. Bibi mmoja wa ngomeni alifiwa na mumewe, akatuma mtu kuomba beti za kuimbwa mazishini, na beti zilipoimbwa wanaume waliovaa chuma walilia hadharani. Basi sifa zikaanza kuja kwa kila mlango. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hersende hakulitia maji tembo lake, hilo siwezi kumsingizia. Lake lilizidi kuwa kali, ila akaanza kulinywa mwenyewe.

Akawa anakuja kula amechelewa, vidole vyeusi kwa wino, anavishika juu kidogo ili vionekane. Richilde alikuwa akimpokea mlangoni: "Tupisheni jamani, Binti Mapipa anapita. Amejaa, asije akamwagika." Wengine wakicheka, naye akitabasamu kama mtu anayesamehe.

Majira ya Kwaresima, mwaka wa homa ile iliyotumaliza, Ameline akalala. Aliyeosha wenzake wote sasa akawa anasubiri kuoshwa. Hersende alikaa naye, akimlowesha midomo kwa kitambaa.

"Mwanangu," Ameline akasema, "gombo litakapokuja, uniandike."

"Dada, nani atakuacha?"

"Wewe sikiliza. Wenzangu wana baba na mama na kaka, wana watu huko nje wa kuwaombea. Mimi gunia la shayiri haliniombei. Nikiandikwa kwenye gombo, nitaombewa na watu nisiowajua, mpaka kule baharini. Nimefikiri sana jambo hili. Nalitaka."

"Nitakuandika wa kwanza."

"Wa kwanza sitaki, nitaona haya. Niweke katikati, karibu na Ozanne. Tulikuwa tunafua pamoja."

Akacheka kidogo, akakohoa, na kabla ya Pasaka tukamzika.

Gombo alilolitaja ni la wakubwa tu. Akifa mama mkuu au abate wa nyumba yenye jina, wenzake huandika kifo chake juu ya ngozi, huivingirisha juu ya mti, kisha mtu hulitundika shingoni na kulipeleka nyumba hadi nyumba, mwaka mzima njiani. Kila nyumba huandika chini ya iliyotangulia: Tumemwombea wenu, nanyi tuombeeni wetu, fulani na fulani. Yanasomwa majina, zinapigwa kengele, ngozi inaendelea. Mwenye ufundi huongeza beti za kumsifu marehemu. Lakini majina ndiyo gombo. Beti ni mapambo ya mkate. Nyumba maskini kama yetu haikuwa na mkubwa wa kutumiwa gombo. Wafu wetu husafiri kwa kupanda mgongo wa wafu wa wengine. Na mgongo huo haupiti kila mwaka.

Mwaka ule gombo likaja wakati wa kuvuna zabibu. Aliyelibeba aliitwa Gosbert, mtu mwenye miguu mirefu na njaa ya kudumu, na aliyefariki alikuwa Mama Mkuu Hildiarde wa Bellecombe, mwanamke mkubwa, binti wa watu wakubwa. Watawa wote walikuwa shambani na vikapu. Mama Mkuu Tiphaine akamwita Hersende aache kikapu.

"Mama," Gosbert akasema, "shubiri moja tu. Ngozi si yangu, na kila nyumba inataka kuimaliza. Nami nataka kivuko kabla ya mchana."

"Shubiri inatutosha," akasema Mama Mkuu. "Hersende, majina unayo kichwani?"

"Yote, Mama."

Gosbert akamtazama, akajikuna shavu. "Ndiye huyu atakayeandika? Kule juu mtoni waliniambia, ukifika Ormeval usikae sana, wale akina mama wanashona tu."

Alisema kwa utani, kinywa kimejaa jibini letu. Lakini neno lile likamwingia Hersende kama mwiba wa samaki. Akalichukua gombo mpaka chumba cha vitabu, akalifungua, akasoma walichoandika wenzake. Kanoni mmoja wa kanisa kuu ametunga, vina vimevunjika miguu. Mwingine ameiba mstari wa zamani, akadhani hatutaujua. Damu ikamchemka. Akaiweka ngozi sawa, akachovya unyoya.

Desturi ni kuanza na majina. Hersende alijua. Akajiambia, nianze na beti mkono ungali mwepesi, majina niyaweke chini, majina hayahitaji kufikiriwa. Akaandika:

*Mto wapita na maji, jina lako halitoki;*
*Yaanguka ngome, miji, sifa zako hazichoki.*

Kwa Kilatini maneno yalikuwa matamu kuliko hivi. Mstari ukavuta mstari. Wanaotunga wanajua saa ile ilivyo: huoni njaa, husikii kengele, mkono unakimbia mbele yako nawe unaukimbilia. Alipoinua kichwa, shubiri yake ilikuwa imejaa mpaka ukingo, na mstari wa mwisho ulikuwa mzuri kiasi kwamba alitaka kuusoma kwa sauti. Pale chini palibaki upana wa ukucha.

Akakodoa macho pale mahali pa ukucha. Kisha mlango ukafunguliwa, Gosbert huyo, na Mama Mkuu nyuma yake akipapasa ukuta, maana macho yake yalikuwa na ukungu tangu miaka mingi.

"Wino umekauka?" akauliza Gosbert.

"Umekauka."

"Na marehemu wetu?" akauliza Mama Mkuu. "Umewaandika?"

Sasa, alikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, na kisu cha kukwangulia kilikuwa mezani mbele yake. Lakini mbele ya mtu yule aliyesema tunashona tu, amwambie amesahau kazi ambayo hata mtoto wa herufi angeikumbuka?

"Ndiyo, Mama," akasema.

Gosbert akavingirisha, akafunga kamba, akaenda zake.

Hersende alirudi shambani akavuna zabibu kwa nguvu za mtu anayefukuzwa. Akajitetea moyoni. Mungu anawajua wafu bila kusomewa. Gombo lingine litakuja. Beti zile zitailetea nyumba heshima. Hoja zote zilisimama vizuri, kama mapipa ya baba yake, na zote zilikuwa tupu.

Alipokwenda jikoni kusaidia kumenya, Richilde alikuwa anaimba. Sufuria la maharage linachemka, naye anatupia vitunguu bila kuhesabu.

"Mbona leo umekuwa karimu?" Hersende akamuuliza.

"Leo sherehe, Binti Mapipa. Mama yangu amesafiri."

Mama yake Richilde alikuwa Ozanne mfuaji, aliyekufa kwa homa ileile siku chache kabla ya Ameline.

"Amesafiri wapi?"

"Wewe ndiye uliyempakia, unaniuliza mimi? Maisha yake yote mama hakuvuka mto huu. Alikuwa anaogopa maji, na mfuaji, hebu fikiria! Leo amevuka, na Ameline kamshika mkono, wote wananing'inia shingoni kwa yule mlafi. Mpaka baharini watafika." Akajifuta jicho kwa kiwiko. "Vitunguu hivi. Eti, uliandika jina lake vizuri? Usije ukamwandika kwa haraka haraka."

Hersende akaweka kisu chini. Akasema anaumwa tumbo, akatoka.

Alimkuta Mama Mkuu amekaa kwenye kigogo karibu na kinu cha kukamulia zabibu, anaisikiliza sharubati ikitiririka, kwa kuwa kuiona hakuiona. Hersende akapiga magoti kwenye matope ya maganda.

"Mama, sikuwaandika."

Mama Mkuu hakugeuka. "Hukumwandika nani?"

"Hata mmoja. Nilijaza beti."

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Ukanijibu neno hilohilo." Sharubati ikaendelea kudondoka. "Hersende, mimi macho yangu hayaoni herufi tena. Nilikuwa ninakutumia wewe kuwa macho yangu. Leo nimejua kwamba kipofu nilikuwa tangu zamani."

Angempiga kofi ingekuwa nafuu. Kwetu ukikosa unalala kifudifudi mlangoni mwa kanisa, wenzako wanakuruka wakiingia, na adhabu ikiisha imeisha. Maneno yale hayakuwa na kuisha.

"Mfuate yule mtu. Atalala Courdelle kwa watawa wa kiume, hana nyumba nyingine karibu. Huwezi kwenda peke yako. Nenda na Richilde."

"Mama, si Richilde. Nakuomba. Mtu mwingine."

"Richilde. Na kabla hamjafika kivukoni, uwe umemwambia mwenyewe kwa nini mnakwenda."

Walitoka. Richilde alifurahi kupata matembezi, akachukua na kipande cha mkate mfukoni. Akawa anataniana na kila waliyempita, anauliza hali ya ng'ombe wa huyu na goti la yule. Hersende alifungua kinywa penye mti wa msalaba, akakifunga. Akakifungua tena penye kisima. Mwishowe wakauona mto, akasema bila kumtazama mwenzake, upesi, kama mtu anayetema mfupa.

Richilde akasimama.

Hersende alitegemea matusi. Ungekuwa msiba mdogo, matusi yangekuja mengi na ya kuchekesha. Lakini Richilde aliutoa mkate mfukoni, akautazama, akaurudisha. Akaendelea kutembea. Ulimi ule uliokuwa hautulii, tangu pale mpaka Courdelle haukusema kitu. Hersende angetoa vidole vyake vya wino ausikie ukimwita Binti Mapipa.

Hata mvushaji aliona ajabu. "Watawa wawili mbio! Nyumba imeungua, akina mama, au mmepata wachumba?" Akapiga makasia huku anawaangalia kwa jicho la pembeni, na alipowashusha alivua kofia, akidhani wanakwenda kwenye kifo.

Bruda wa langoni aliwapeleka ukumbi wa wageni. Gosbert alikuwa ameloweka miguu kwenye karai, bakuli la supu mapajani. Mezani, gombo limetandazwa, na watawa kadhaa wameliinamia. Aliyesoma alikuwa Bruda Evrard, mwandishi wao, mzee mwembamba mwenye sauti ya kengele. Alikuwa anasoma beti za Hersende.

Hakuwahi kuzisikia kwa sauti ya mtu mwingine. *Jina lako halitoki*, mzee akasoma, akatua pale panapofaa kutua, na kijana mmoja akapumua kwa nguvu. Nitalisema kama lilivyokuwa: Hersende alisimama mlangoni akatamani ageuke, arudi nyumbani, aache mambo yaende hivyo. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Lakini alijua kwamba alitamani, na katika yote ya siku ile, hilo ndilo lililomchoma hata uzeeni.

"Karibuni, akina dada!" Evrard akasema. "Mmetoka Ormeval? Basi mtuambie. Nani aliyewatungia haya? Padre wenu yule mwenye kigugumizi? Siamini."

"Ni mimi," akasema Hersende.

Wakamgeukia wote. Gosbert akatoa mguu mmoja kwenye maji. Kule Ormeval angelipa chochote apate macho yale yanayomtazama sasa.

"Wewe, dada? Basi ubarikiwe mkono. Hakuna katika gombo hili—"

"Nimekuja kuyakwangua, Bruda."

Akaeleza. Alieleza yote, hata lile la kusema ndiyo. Uso ulimwaka mpaka masikio yakavuma. Vijana wa kitawa wakatazama viatu vyao.

Evrard akalitazama gombo. Chini ya beti zake tayari wao wameandika yao, wino umekauka, hakuna pa kupenyeza. Pembezoni ngozi imekatwa nyembamba. Gosbert akaanza kulalamika.

"Ngozi ikitoboka, mgongo wangu ndio utakaolipa! Sikutumwa kurudisha shimo Bellecombe."

"Tulia, nyamaza ule," akasema Evrard. Ndipo akamgeukia Hersende kwa upole, na upole wake ulikuwa mtego mbaya kuliko dhihaka. "Dada, hakuna haja ya kuua kazi yote. Kwangua mistari miwili ya mwisho. Andika pale: Ameline na wenzake, ambao Mungu anayajua majina yao. Nyumba nyingi huandika hivyo. Ahadi yako utakuwa umeitimiza, na beti zitabaki."

Ilikuwa kweli, nyumba nyingi huandika hivyo. Hersende aliutazama mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkono wake ukaenda kwenye kisu, ukakiweka mwishoni mwa beti, pale palipotosha.

Hapo Richilde akasema. Alikuwa bado mlangoni, shela ina vumbi, na sauti yake haikuwa ya kugomba.

"Mama yangu ndiye 'wenzake'?"

Akamgeukia Evrard.

"Nauliza tu. Mimi herufi sizijui. Nataka kujua, wakisoma hapo, ni wapi nitasikia Ozanne."

Hersende akasogeza kisu mpaka juu kabisa, mwanzo wa mstari wa kwanza, akaanza kukwangua.

Kukwangua ngozi si kazi ya hasira. Kisu unakilaza, unavuta kidogo kidogo, unapuliza. Wino mzuri huuma ndani, na wino wake ulikuwa mzuri. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa magome ya mwaloni na divai. Mto ukatoka, maji yakatoka. *Jina lako halitoki* likatoka, likawa vumbi jeusi juu ya mkono wa joho lake. Watawa walisimama kumzunguka, na hakuna aliyekuwa na adabu ya kuondoka. Alipofika mwisho, kipande chote cha shubiri kilikuwa cheupe, chenye manyoya manyoya kama kitambaa kilichofuliwa mno.

Akaandika: Sisi wa Ormeval tumemwombea wenu, nanyi tuombeeni wetu. Akayaweka majina, la kila mmoja, hata la yule msichana aliyefika leo akafa kesho na hatukumzoea. Ozanne. Na pembeni yake, katikati kama alivyotaka, Ameline.

Ngozi iliyokwanguliwa hunywa wino. Herufi zikatanuka, zikavimba, ncha zikaota mizizi. Yeye aliyejulikana kwa mwandiko wa kunyooka kama safu ya mizabibu, pale aliandika kama mtoto. Akaona, akaendelea.

Alipomaliza, chini palibaki nafasi ya mistari miwili, pengine mitatu.

"Nafasi ipo, dada," Evrard akamnong'oneza. "Weka beti moja. Mimi bado naikumbuka ile ya kwanza, nikusomee?"

"Isahau, Bruda. Hapo ni pa watakaokufa kabla gombo halijarudi."

Akaweka kalamu chini. Richilde alikuwa amekuja mezani. "Nionyeshe," akasema. Hersende akamshika kidole, akakiweka juu ya jina la mama yake. Richilde akakiacha pale muda mrefu, halafu akakinusa.

Njiani kurudi, wakiwa katikati ya mto, Richilde akatoa ule mkate, akaukata, akampa nusu. Hakusema amemsamehe. Alisema, "Kula, usije ukazimia nikakubeba." Na jina la Binti Mapipa hakulitumia tena. Hersende alilingoja miaka mingi.

Mama Mkuu alimweka mahali pa mwisho kanisani, nyuma ya wanagenzi, mpaka sikukuu ya Noeli. Ilipofika Noeli akaambiwa arudi mahali pake, akaomba abaki. Wengine walimwona mnyenyekevu. Mimi nasema alikuwa haoni pa kuuweka uso. Tukiimba zaburi ya wafu alikuwa anaangalia sakafu. Watu walipokuja kuomba maombolezo hakuwakataa, ila aliwauliza kwanza majina ya wafu wao wote, mpaka wajukuu waliofia tumboni, akayaandika, ndipo aone kama zimebaki nguvu za kutunga. Mara nyingi hazikubaki. Aliyotunga baada ya hapo yalikuwa mafupi. Wapo waliosema kipaji kimekauka, akawasikia.

Zabibu zilipovunwa tena, Gosbert akapita akirudi Bellecombe, amekonda, gombo limenenepa. Mama Mkuu akaamuru alishwe. Hersende ndiye aliyempelekea bakuli, akataka kuondoka.

"Ngoja, dada wa kisu," Gosbert akamwita. "Umenitesa wewe. Pale mahali pako!"

"Pametoboka?" Hersende akageuka.

"Pangetoboka afadhali. Hapasomeki! Kila nyumba msomaji anakwenda mbio, Amina, Amina, akifika kwenu anajikwaa. Anainamia. Anaomba mshumaa. 'Oza... Ozanne. Ame... nini hii? Ameline.' Halafu anarudia mstari mzima ili watu wasikie. Kule baharini bibi mmoja mzee aliyarudia mara tatu, mpaka supu ikapoa. Wa wengine wametajwa mara moja wakapita. Hawa wenu wamekaa kila meza niliyoketi."

Akafungua kumwonyesha. Hersende akainama. Pale katikati, palipovimba, jina la Ameline lilikuwa nene, limejikunja, A ina mimba. Ungedhani ameliandika mwenyewe Ameline, kwa kidole, kwenye majivu.

Kutoka jikoni Richilde alipaza sauti, "Anasema nini huyo mlafi? Mama alifika baharini?"

"Alifika," akajibu Hersende.

Akavificha vidole vyake ndani ya mikono ya joho, akarudi shambani kwenye kikapu chake, na wala hakuinua uso alipopita mbele ya Mama Mkuu, ingawa alijua kwamba hamwoni.